Mashini Iliyokataa Kupata Moto

Kikula, Likasi
Tarehe 6 mwezi wa tano, 1962

Shemeji yangu mpendwa Octave,

Ninakusalimu sana, mimi na wote wa nyumbani. Hujambo huko uliko? Kifua kile kilichokusumbua wakati wa mvua kimepona? Walituambia kwamba kambini, huko Elisabethville, maji yaliingia mpaka ndani ya mahema, na tangu hapo kila mvua iliponyesha juu ya bati zetu nilikufikiria wewe na wenzako wa Kasai, mlivyolala. Sisi hapa tunaendelea. Mama, kule Mulungwishi, amepona ugonjwa ule uliomfanya mke wako Germaine aende kumwuguza, ila miguu bado inavimba jioni. Baba analima. Mtoto wako Colette ni mzima, anasema sana kupita umri wake, na ukimwuliza baba yake yuko wapi anaonyesha kwa kidole upande wa reli.

Kabla sijaandika mengine, shika neno moja. Mtu yeyote akija kambini na motokari, akakuonyesha karatasi yenye jina la Madame Mélanie na kukuambia kwamba unaitwa Likasi kutengeneza mashini ya kahawa, usipande. Hata kama sahihi ni ya Madame, maana ni yake kweli. Hata kama anayekuja ni mtu unayemjua tangu utoto. Kaa ndani ya kambi, karibu na askari wa ONU, wale wa Umoja wa Mataifa, useme unaumwa. Mashini inapata moto, haina haja na wewe. Nitakueleza yote tangu mwanzo, na ndani yake kuna jambo moja ambalo ni zito kwangu kuliandika. Utalisoma hivyo hivyo, kwa sababu ni lako kuliko langu.

Unajua kwamba siku ile vijana walipopita Kikula nyumba kwa nyumba wakiuliza nani ni mtu wa Kasai ili wamfukuze, nawe ukakimbia na nguo ulizovaa, Germaine alikuwa Mulungwishi na mtoto. Kisha vita vikaja, barabara zikafungwa. Alipoweza kurudi, wewe ulikuwa umeshafika kambini, na nyumba yenu ilikuwa na watu wengine, wamekwisha kubadili hata rangi ya mlango. Akaja kukaa kwangu. Baba alitaka abaki Mulungwishi, lakini dada yangu unamjua. Alisema hawezi kuishi kwa baba yake kama msichana asiyeolewa wakati ana mume. Nikamwomba Madame Mélanie, naye akampa kazi ya kuosha vikombe mkahawani kwake. Hivyo kila asubuhi tunatoka Kikula pamoja, mimi kwenda kusimama nyuma ya kaunta kama zamani, yeye uani kwenye karai.

Mkahawa wenyewe haukufa, tofauti na maduka mengi ya mjini. Wazungu wengi wameondoka, na wachuuzi wa Kasai waliokuwa wakituletea sukari na mayai hawapo. Kilichouweka hai ni ile mashini tu. Mjini mwote hakuna nyingine, na maofisa wa askari wameizoea kahawa yake. Wanaokuja kunywa ndio haohao wanaofanya mlango wa Madame usivunjwe. Madame analijua hilo vizuri, na sisi pia. Bado anaisugua mwenyewe kwa kitambaa cha sufu, hataki mtu mwingine aiguse nje, kwa sababu marehemu mumewe ndiye aliyeileta kwa meli kutoka kwao Italia.

Kati ya hao maofisa kuna mmoja ambaye humjui, alifika baada yako. Ni Luteni Séraphin. Ni kijana wa hapahapa Katanga, mrefu, mpole wa sauti, hasemi na mtu kwa ukali. Anakuja asubuhi, anakaa kwenye meza ya dirishani, anavua kofia na kuiweka juu ya goti. Anasema asante. Mwanzo nilimpenda, sikufichi. Kisha nikaona kwamba akimaliza kikombe hakiachi mezani. Anakibeba mwenyewe mpaka uani, kwa Germaine. Luteni mzima na kikombe mkononi! Germaine anakipokea bila kuinua macho. Baadaye tukasikia kutoka Mulungwishi kwamba amefika kwa Baba na motokari yake, na mfuko wa chumvi na kitambaa kizuri kwa Mama, akasema anapita tu kusalimia. Baba akatuma neno kwamba mwanamke hawezi kukaa maisha yake yote akingoja hema. Germaine alipoambiwa neno hilo alishika ndoo. Alikwenda kuchukua maji na alikawia sana kurudi.

Ni katika siku hizo mashini ilikataa kupata moto.

Asubuhi moja niliiwasha kama kawaida. Taa yake nyekundu ikawaka. Nikapanga vikombe juu yake vipate joto, nikasaga kahawa, nikaenda kufungua madirisha. Niliporudi nikagusa kikombe: baridi. Mshale wa saa ya presha ulikuwa umelala pale pale kwenye sifuri. Nikangoja. Luteni akaja, akakaa, akavua kofia. Nikavuta mkono wa mashini, yakatoka maji baridi yaliyopita katika unga wa kahawa, rangi ya maji ya mtoni. Nikaona aibu kama mtu aliyeitwa mbele ya kanisa.

Nikakumbuka ulivyokuwa unatufundisha, kwamba fundi anaanza nje na kwenda ndani: kwanza umeme, halafu maji, moto mwisho. Nikaangalia umeme. Friji ilikuwa inanguruma, taa za ukumbini zinawaka. Nikabadilisha fyuzi hivyo hivyo, nikatia mpya. Hakuna kitu. Nikaangalia kile kioo kinachoonyesha maji ndani ya tangi, nikiwa na hofu, kwa sababu siku uliyonikaripia nilipoacha tangi likauke siwezi kuisahau. Ulisema rezistansi, kile chuma cha ndani kinachochemsha maji, ikiwaka bila maji inakufa kama samaki juu ya mchanga. Lakini maji yalikuwepo, hata kupita nusu. Nikafungua kifuniko cha pembeni, nikafikia ile presostati, kile kidude kinachoacha umeme upite maji yakiwa baridi na kuukata presha ikitosha. Midomo yake ilikuwa imeungua kidogo, nyeusi. Nilifurahi! Nikaisugua kwa ubavu wa kiberiti mpaka ikang'aa, nikawasha tena, nikaita Madame aje aone. Tukasimama wawili tukiutazama mshale. Haukusogea.

Hapo nikaanza kukisia, na ulituambia tusikisie. Nikasema ni chokaa. Maji ya hapa unayajua, yanajenga ukoko mweupe ndani ya kila birika. Nikamwaga maji yote, nikatia siki ndani ya tangi, chupa juu ya chupa, nikaiacha mchana mzima. Mkahawa ukanuka siki mpaka barabarani. Madame akawa anapiga chafya ndani ya leso na kuniuliza kama ninataka kukaanga mashini au kuitengeneza. Jioni nikasuuza, nikajaza, nikawasha. Baridi.

Basi nikamwambia Madame kwamba yaliyobaki ni rezistansi yenyewe, imeungua, na kwamba kuifikia ni lazima kufungua chini, mahali ambapo yeye ametukataza sote isipokuwa wewe. Akasema nisithubutu. Akatuma kwa yule fundi Mbelgiji aliyekuwa zamani karibu na stesheni; akajibiwa kwamba askari wamemchukua kwa ajili ya malori yao na harudi. Maofisa wakaanza kupungua. Wengine walikunywa bia asubuhi, wakaimba, wakavunja kiti. Usiniulize jinsi Madame alivyokuwa anatazama mlango.

Siku hiyo alikaa juu ya kiti chake nyuma ya kaunta, akasema kwa Kiswahili chake, "Octave tu. Octave tu njo anajua ile masini." Germaine alikuwa anaingia na trei ya vikombe. Akasimama. Akamwuliza Madame kama kweli inawezekana mtu wa kambini apewe karatasi ya kurudi kazini. Madame akasema wazungu wengine wamewaombea watu wao, mbona yeye asiombe? Germaine akauliza tena, kama vile hakusikia mara ya kwanza. Nilidhani ni furaha ya mke. Mimi mwenyewe, Octave, nilifurahi. Niliona tayari unavyoingia na mfuko wako wa vyombo begani. Sikufikiri karatasi inatoka kwa nani.

Madame akaandika barua palepale, akatia sahihi, na Luteni alipokuja akampa. Luteni aliisoma taratibu. Akauliza jina lako lote, akauliza unakaa sehemu gani ya kambi, akauliza kama una mke. Madame, bila kuwaza mabaya, akasema, mke wake si huyu anayeosha vikombe vyako? Luteni akatabasamu, akakunja barua na kuitia ndani ya mfuko wa shati. Akasema, "Hakuna shida, Madame. Tutamuleta ule muntu. Minye mwenyewe nitatuma motokari yangu." Akabeba gilasi yake ya maji mpaka uani, akamwambia Germaine kwamba mume wake anarudi, asiwe na huzuni. Germaine alipiga magoti kumshukuru. Nililiona kwa macho yangu, na mpaka leo linanichoma.

Unamkumbuka Barnabé, tuliyecheza naye mpira Kikula, yule aliyekuwa mlinda lango akilia kila akifungwa? Sasa ni dereva wa Luteni. Jumamosi nilikuwa sokoni nikinunua unga wa kusonga bukari. Akanisogelea akijifanya anachagua samaki wakavu. Hakunitazama usoni. Akasema, "Édouard, ile mashini haiwezi kuchemuka bila Octave?" Nikasema imeshindikana. Akageuza samaki mmoja, akamrudisha. Akasema, "Batanituma Jumatatu kumuchukua. Octave ananijua, atapanda bila kuogopa, ni kwa sababu ile banatuma minye. Lakini ule muntu hatafika Likasi. Pale kwa daraja ya Lufira kuko bantu benye watamungojea." Nikamwuliza kwa nini asikatae. Akanitazama mara ya kwanza, macho yake mekundu, akasema ana watoto watatu na Luteni anaijua nyumba yake. Akaniambia, "Kama ni rafiki yako, fanya ichemuke. Ikichemuka, Madame atasema hana tena haja, na minye sitatumwa." Kisha akaondoka bila kununua kitu.

Nilifika nyumbani bila kujua miguu ilipita wapi. Germaine alikuwa anafua shati lako, lile la kijani uliloliacha Mulungwishi. Alilianika juani, akalinyosha mikono kwa viganja. Aliniambia unapenda kola iwe ngumu.

Kesho yake Jumapili, baada ya kanisa, mkahawa ukiwa umefungwa, nilikwenda peke yangu na ufunguo. Niliing'oa plagi ukutani. Niliomba Mungu, kisha nikamwasi Madame: nikailaza mashini ubavu juu ya magunia na kufungua kile kibati cha chini. Skrubu zake zilitoka kwa urahisi, na jambo hilo lilinishangaza, kwa sababu chuma ambacho hakijaguswa karibu mwaka kinashika. Nikaangaza kwa tochi.

Rezistansi ilikuwa nzima. Hakuna mahali palipoungua, hakuna harufu. Waya unaoipelekea umeme ndio ulikuwa umetolewa kwenye skrubu yake, ukarudishwa nyuma na kukunjwa vizuri pembeni. Haukukatika wala haukulegea wenyewe. Ulifunguliwa na mtu. Na ncha yake ilikuwa imefungwa kitambaa, mizunguko mingi, ikafungwa fundo, ili mtu yeyote atakayetia mkono asipigwe na umeme.

Nilikaa chini sakafuni. Mtu anayetaka kuharibu mashini ya mzungu hajali nani atapigwa na umeme. Huyu alijali. Nikafungua lile fundo. Kilikuwa kipande cha kitambaa cha bluu chenye vitone vyeupe, na shemeji yangu, nadhani hapo ulipo umekwisha kukijua. Ni cha kile kilemba ulichomnunulia Germaine wakati Colette alipozaliwa.

Hilo ndilo lililokuwa zito kwangu. Ni mke wako. Ni dada yangu aliyekuita uje kufa, na hakujua.

Nilirudi Kikula. Alikuwa jikoni anapika sombe ya majani ya muhogo, mtoto amelala. Nikaweka kile kitambaa juu ya kigoda mbele yake. Hakukana, hata hakujaribu. Alifunika chungu, akafuta mikono.

"Ni minye," akasema. "Nilifanya vile nilimuona Octave anafanya. Alikuwa ananishikisha tochi wakati wa kutengeneza, ananieleza kila waya. Alikuwa anasema siku moja nitamurithi kazi."

Nikamwuliza kwa nini.

"Luteni iko anakuja kwa Baba. Baba atakubali, Yaya, kaka yangu. Weye unajua atakubali. Nikasema kama Octave anarudi na karatasi ya Madame, na mashini inamuhitaji, nani atamugusa? Batamuacha. Baofisa bananywa kahawa kila siku." Hapo sauti yake ikabadilika. "Sikutaka kuharibu kitu. Nilifunga ule waya muzuri."

Octave, nilikuwa nimejaa hasira njiani, nilikuwa nimetayarisha maneno. Yote yakaisha. Nikamwambia tu yale ya Barnabé: motokari, daraja, na watu watakaongoja. Nilimwambia polepole, kwa sababu nilimwona haelewi, kisha nikamwona anaelewa. Hakupiga kelele. Alishika ukingo wa meza, akauliza kama ni Luteni mwenyewe aliyepanga hivyo. Nikasema ndiyo. Akasema, "Na minye nilimupigia magoti." Akalirudia neno hilo mara nyingi, akitazama mikono yake.

Kisha akaondoa chungu motoni. Akambeba Colette akiwa bado amelala, akamfunga mgongoni, akasema twende. Sikumwuliza wapi. Tulivuka mji mchana kweupe, watu waliotoka misa ya pili wakitusalimu na sisi tukiitikia. Mkahawani alipiga magoti mbele ya mashini, akaniomba bisibisi. Nilitaka kufanya mimi, akakataa. Skrubu ikamponyoka mara mbili, na mara ya pili ikaingia chini ya friji, tukalala kifudifudi wote wawili kuitafuta, mtoto ameamka na anacheka mgongoni akidhani ni mchezo. Tukaipata. Akairudisha, akakaza, akavuta waya kuona kama umeshika, jinsi unavyofanya wewe, kwa kidole gumba. Tukasimamisha mashini, nikatia plagi.

Unajua inavyokawia. Tulikaa kwenye viti vya wateja, jambo ambalo hatujawahi kulifanya. Mwisho ikaanza kulia ndani, ule mlio mdogo kama mtu anayesafisha koo, na mshale ukaamka. Germaine alilia hapo, si kabla. Alilia kwa sauti kubwa, kichwa juu ya marumaru ya meza, na mimi nilikaa tu na mkono wangu mgongoni kwake, kwa sababu kila mstari mshale ulioupanda ulikuwa unakuokoa wewe na kumnyang'anya yeye kurudi kwako.

Jumatatu asubuhi na mapema Madame aliposikia mvuke alikuja akikimbia na viatu vya chumbani. Nikamwambia ni waya uliolegea, nimeufikia, anisamehe kwa kufungua chini. Alinibusu mashavu mawili. Luteni alikuja saa yake ileile. Nikamtilia kahawa. Alinusa, akanywa, akauliza shida ilikuwa nini, nikajibu kama nilivyomjibu Madame. Akasema, "Kumbe weye pia iko fundi." Nikasema ninajaribu, mon lieutenant. Madame akamwambia kwa furaha kwamba sasa hana haja tena ya kumsumbua na safari ya Elisabethville, amrudishie barua yake. Luteni akaweka kiganja juu ya mfuko wa shati. Akasema kwa upole wake, "Nitaiweka, Madame. Mashini inaharibikaga." Siku hiyo Barnabé hakutumwa. Lakini barua ya Madame bado iko ndani ya mfuko ule, na ndiyo sababu nimekuandikia neno la kwanza kabla ya yote.

Sasa sikiliza la mwisho. Germaine hataki kukaa tena. Aliniambia hivi: alijaribu kukuvuta huku, akakosea, basi yeye ndiye atakayekuja. Nilimweleza mahema, nilimweleza njaa na magonjwa ya kambi. Akasema yote hayo anayajua. Tumesikia kwamba treni za kuwarudisha watu wa Kasai zimeanza kujazwa, na kwamba zamu ya kila sehemu ya kambi inakuja. Yeye anataka kupanda pamoja nawe. Baba hajui. Nimekubali nisimwambie mpaka atakapokuwa amefika, na lawama zake nitazibeba mimi.

Barua hii anakuletea Mathieu, dereva wa lori la misheni ya Mulungwishi, mtu mwaminifu. Germaine hawezi kupanda lori hilo, kwa kuwa wote huko wanamjua Baba. Atakuja kwa treni Alhamisi pamoja na Mama Émérence, jirani yetu, yule ambaye mume wake anachimba katika mgodi wa Kamatanda. Watasema wanampeleka mtoto hospitali kwa ajili ya macho. Yeye ni Mkatanga, hawatamzuia njiani. Mama Émérence atamfikisha mpaka kwenye lango la kambi. Uwe hapo. Usitoke nje ya lango, lakini uwe hapo akuone.

Usimkaripie kwa yale ya waya. Amejikaripia kupita utakavyoweza wewe. Na ninakuomba jambo jingine, mimi niliye kaka yake. Huku wewe ulikuwa mtu wa Kasai. Ulizaliwa hapahapa Likasi, baba yako aliletwa mgodini akiwa kijana, lakini ilitosha ufungue kinywa kutaja jina la baba yako, wakajua wewe ni wa wapi. Huko Kasai itakuwa zamu yake. Kiluba cha Kasai hajui ila yale maneno machache uliyomfundisha mkicheka. Atakwenda kisimani na kusema "maji", na wanawake watageuka kumtazama. Watakuwepo waliofiwa, waliochomewa nyumba, na watatafuta mtu wa Katanga wa kumlipisha, naye atakuwa amesimama mbele yao na ndoo. Siku hiyo usiwe kazini. Usiseme ni wanawake tu. Nenda ukasimame karibu naye mpaka wamzoee.

Mama anakusalimu, bila kujua kwamba ninakuandikia. Madame Mélanie anakusalimu na kukuuliza kama unakula. Wasalimu wote tuliokuwa nao Kikula ambao bado wanapumua, na kama kuna waliokufa niandikie majina yao, nitawaombea kanisani kwa sauti. Mungu akulinde, na awakutanishe salama kwenye lango lile.

Ni mimi shemeji yako asiyekusahau,

Édouard